Matanga yakishaanuliwa, nani anarudi? Viongozi wa dini, viongozi wa mtaa na afya ya akili hapa Dar

Kisukulu_Halisi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hapa Dar mtu akifiwa asubuhi, mchana turubai limeshasimama. Viti vinashushwa kwenye guta, akina mama wako uani na masufuria, mlangoni kuna kijana na daftari la rambirambi. Shehe anakuja, padri anakuja, mwenyekiti wa mtaa anatoa salamu za serikali. Siku ya tatu matanga yanaanuliwa. Siku ya nne mjane anaamka peke yake, kodi inadaiwa, mtoto anauliza baba yuko wapi, na hakuna anayebisha hodi.

Hoja yangu ni moja na nitaitetea: kiongozi mwenye huruma anajulikana kwa kurudi. Kuja wanakuja wote. Anayerudi wiki ya pili, wiki ya tano, mwezi wa tatu, huyo ndiye anayewashika watu wasianguke.

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogondogo huku Tabata, na kwenye kamati ya mtaa nakaa na Waislamu, Walutheri na walokole. Kote naona jambo lile lile. Mtu akianza kukosa usingizi, kulia bila sababu inayoonekana, kuacha kula, kujifungia ndani, hakimbilii hospitali. Anaenda kwa mchungaji au kwa ustaadh, au mama yake anaenda kwa niaba yake. Wengine wanaanzia kwa mjumbe, kwa sababu ugomvi wa ndani umeshasikika mpaka barabarani. Kwa hiyo tukubali au tusikubali, hawa ndio mlango wa kwanza wa afya ya akili katika mji huu. Swali ni mtu akigonga mlango huo anakutana na nini.

Wakristo wenzangu, someni tena 1 Wafalme sura ya 19. Eliya ametoka kushinda pale Karmeli, mtu mkubwa kabisa, halafu anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hakumhubiria. Hakumwambia imani yako imepungua, wala hakumuuliza amefanya dhambi gani. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Mkate, maji, akalala tena. Na malaika *akarudi mara ya pili*, akamgusa tena, akamwambia ale kwa sababu safari ni ndefu. Habari za utume zilikuja baadaye kabisa, alipofika Horebu akiwa ameshakula na kulala. Nabii mzima alihudumiwa hivyo. Sisi kijana wa miaka ishirini tunamkaribisha kwa kumfokea kwamba ana roho ya uvivu.

Sasa mfano wa majirani zetu. Mwaka 2006 huko Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alitaka kuanzisha huduma Mbare, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Harare. Wauguzi hawakutosha, vyumba havikuwepo. Akapewa bibi 14 na nafasi ya nje. Wakaweka mabenchi chini ya miti kwenye uwanja wa kliniki, bibi anakaa na mgonjwa, anamsikiliza, wanachagua tatizo moja la kuanza nalo, wanapanga hatua ndogo, wiki inayofuata wanakutana tena. Vikao kama sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watu 573 katika kliniki 24 za jiji hilo. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili upande wa mabenchi walikuwa karibu 14 katika kila 100. Upande wa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50 katika kila 100.

Angalieni bibi wale walifanya nini. Hawakuwa madaktari. Walifundishwa, walisimamiwa na wataalamu, na walikutana na mtu yule yule tena na tena. Tabata tuna akina mama wa namna hiyo wamejaa: WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), umoja wa wanawake wa Kilutheri, akina mama wa madrasa, wa vikoba. Kinachokosekana ni kiongozi wa kuwaambia kwamba hii nayo ni ibada.

Karibuni tujadili. Naomba tuheshimu dini za wote.

---

Nesi_Mstaafu

Mkuu, asante kwa uzi huu. Nimefanya kazi wodi za magonjwa ya akili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na hilo neno lako la kurudi nataka nilitie uzito kwa upande wa tiba.

Dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni kali isiyoisha, hazifanyi kazi kama panadol. Mgonjwa anaweza kumeza wiki mbili, tatu, hata nne kabla ya kuona nafuu yoyote. Maudhi yenyewe yanaanza mapema: kinywa kukauka, usingizi, kichefuchefu. Kwa hiyo wiki za mwanzo anateseka mara mbili, na ndizo wiki ambazo familia inasema dawa hizi hazina maana, zitupwe. Akianza kupata nafuu anaacha mwenyewe, kumbe alitakiwa kuendelea miezi sita au zaidi. Ugonjwa unarudi, na mtaa unasema mnaona, hospitali walishindwa.

Wenye magonjwa makali zaidi, wale wanaosikia sauti, kuna dawa zinazoweza kukakamaza shingo na mwili. Watu wanaogopa sana wakiona hivyo. Hali hiyo ina dawa yake, mgonjwa akirudishwa kliniki anapunguziwa dozi au anaongezewa kidonge cha kuondoa ule mkakamao. Lakini nani atamrudisha? Akitokea mzee wa kanisa au ustaadh mwenye kuuliza kila Ijumaa au kila Jumapili "unameza dawa? zinakusumbua wapi?", huyo amefanya kazi ambayo nesi mwenye wagonjwa mia hawezi.

Na kifafa jamani. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, kina dawa, wagonjwa wengi wakimeza vizuri degedege zinakoma. Bado naona watoto wanazungushwa kwenye maombezi mpaka wanaungua kwenye jiko la mkaa. Ombeeni, sikatazi. Ombeeni huku mtoto anameza dawa.

---

Mkweli_Mchungu

Mwanzisha uzi, nakuheshimu ila umewapamba mno viongozi wa dini. Mimi nimeona mgonjwa amefungwa mnyororo kwenye kituo cha maombi nje ya jiji. Nimeona familia inauza kiwanja kwa ajili ya sadaka za kufunguliwa. Unataka watu hawa ndio wapewe wagonjwa wa akili? Waachie madaktari.

---

Kisukulu_Halisi

Mkweli, sikupingi hata kidogo kuhusu mnyororo. Kumfunga mgonjwa ni ukatili, liwe limefanyika kwa jina la Mungu au la yeyote. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa jinsi mtu anavyopelekwa na kutibiwa hata akiwa hajitambui, na kituo cha maombi hakina mamlaka ya kumfunga mtu.

Ila nikupe habari ya Ghana. Watafiti walikwenda kwenye kambi ya maombi ambako wagonjwa walikuwa wanafungwa minyororo, wakagawanya wagonjwa 139 mafungu mawili. Fungu moja likaendelea na maombi kama kawaida, fungu lingine likapata maombi pamoja na dawa za hospitali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Baada ya wiki sita waliopata dawa walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Lakini siku za kukaa kwenye minyororo hazikupungua.

Mimi hapo najifunza mambo mawili. Kwanza, maombi na dawa vinaweza kukaa nyumba moja bila kugombana. Pili, dawa peke yake haimfungui mtu mnyororo. Mwenye ufunguo ni kiongozi wa kambi, na moyo wake usipobadilika, mgonjwa atapata nafuu akiwa bado amefungwa mguu. Ndiyo maana siwezi kusema "waachie madaktari" nikanyamaza. Hao wagonjwa wapo kwa viongozi wa dini tayari, sisi hatukuwapeleka. Lazima tuongee na wenye ufunguo.

---

Abuu_Twalha_TMK

Assalaam alaykum. Mimi nafundisha madrasa huku Temeke, niseme kwa upande wetu.

Mtume Muhammad, rehma na amani zimshukie, alifiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib ndani ya muda mfupi, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Hakuna aliyemwambia imani yake ni dhaifu. Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani imelisimulia hilo katika Surat Yusuf bila kumlaumu. Bibi Aisha alikuwa akiagiza talbina, uji wa shayiri, wapewe waliofiwa, akisimulia kwamba Mtume alisema unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Uji, ndugu zangu! Huo ndio ulinganifu wangu na mkate wa Eliya alioutaja katibu.

Na yule bedui aliyeuliza amwache ngamia wake bila kumfunga kisha atawakali, yaani amtegemee Mungu, akajibiwa mfunge kisha tawakali. Katika Uislamu kwenda hospitali hakupingani na rukya, yaani kumsomea mgonjwa Qur'ani. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi aliandika kuhusu maslahi ya mwili na nafsi kwa pamoja, akaeleza huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu inayojulikana, na akashauri kila moja ishughulikiwe kwa njia yake. Sasa inakuwaje mwaka huu msomaji wa rukya Mbagala anamwambia mtu atupe vidonge?

Jambo moja la vitendo. Ramadhani wagonjwa wengi wanaacha dawa kwa sababu ya saumu, wanaogopa kuonekana. Aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Maimamu walitangaze hilo kwenye hotuba ya Ijumaa kabla mwezi haujaandama, na watamke wazi kwamba ugonjwa wa akili umo ndani ya neno mgonjwa. Likisemwa na imamu juu ya mimbari, mama mkwe hana tena la kuuliza.

---

Nesi_Mstaafu

Ustaadh, hapo kwenye saumu umenigusa. Nyongeza ndogo: kuna dawa inaitwa lithiamu, wanapewa baadhi ya wenye bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Mtu akiwa nayo na akakosa maji mchana kutwa kwenye joto hili la Dar, dawa inaweza kupanda kwenye damu hadi kumdhuru. Huyo asifunge kabla ya kuongea na daktari. Wengine kuna wanaoweza kupangiwa dozi ya futari na daku. Muhimu wasibadilishe wenyewe.

---

Binti_wa_Mbezi

Sijawahi kuandika haya popote.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza sikumpenda. Nilikuwa namwangalia kama mtoto wa jirani. Silali hata akilala. Nilimweleza kiongozi mmoja wa kiroho, akaniambia nitubu, kuna mlango nimeufungua. Jumapili iliyofuata mahubiri yakawa juu ya "wanawake wanaokataa watoto wao". Hakunitaja jina. Haikuhitajika, kila mtu kwenye ukumbi alijua nani kajifungua. Sikurudi pale tena, na sikumwambia mtu mwingine kwa muda mrefu.

Aliyenisaidia ni mama mmoja mtu mzima wa kanisa lile lile. Alikuja nyumbani, hakuuliza kitu. Akamchukua mtoto, akaniambia nikaoge. Akarudi kesho yake. Akarudi tena. Siku moja akasema, "Mwanangu, hata mimi kwa wa pili ilinipata hivi, na wakati ule hatukuwa na wa kumwambia. Twende kliniki, nitashika mtoto." Tulipanda wote daladala. Nilitibiwa, nikapona, na binti yangu sasa anaanza darasa la kwanza.

Katibu, unaposema kurudi, mimi najua unasema nini.

---

Dereva_GongoLaMboto

Dada Mbezi pole sana, na hongera kwa kufika hapo.

---

Kisukulu_Halisi

Binti wa Mbezi, asante kwa kutuamini.

Wakuu, hapa dada amegusa donda ambalo nilitaka kulifikia: siri. Nadhani ndilo jambo linalowafukuza watu kwa viongozi kuliko kitu kingine chochote. Mtu anakuja usiku, anafungua moyo, halafu Jumapili anajisikia kwenye mahubiri. Au anaitwa mbele atoe ushuhuda akiwa bado mbichi, ana wiki mbili tu tangu aanze kulala vizuri, anapewa kipaza sauti aseme amefunguliwa kabisa. Mwezi ujao ugonjwa ukirudi atawaangaliaje watu waliompigia makofi? Atajificha. Atasema yuko safi hadi siku asiyoweza tena.

Kwa Wakatoliki padri amefungwa na siri ya kitubio, hilo linajulikana. Lakini mengi hayasemwi kitubioni. Yanasemwa kwa katekista, kwa mwenyekiti wa jumuiya, kwa mama mchungaji, kwa mjumbe, na hawa hakuna aliyewahi kuwakalisha akawaambia siri inatunzwaje. Kwenye jumuiya yetu tumekubaliana hivi: jambo la mtu halipelekwi kwenye kikao bila ruhusa yake, halipelekwi kwenye sala ya pamoja kwa jina lake bila ruhusa yake, na haliingii kwenye kundi la WhatsApp kwa namna yoyote ile. Hata "tumwombee ndugu yetu wa nyumba ya geti jeusi" tumeikataa. Kitu kimoja tu kinavunja siri, nacho ni hatari ya mtu kujidhuru au kumdhuru mwingine. Hapo anaambiwa yeye mwenyewe kwanza: "hili siwezi kulibeba peke yangu, tutamwita fulani tusaidiane." Tangu tukubaliane hivyo watu wameanza kusema. Wanaume pia, ambao zamani walikuwa wanaishia kuomba sala kwa ajili ya "safari".

---

Dereva_GongoLaMboto

Umetaja wanaume, acha niseme.

Sisi wa barabarani kinachotumaliza ni marejesho. Bodaboda ya mkataba, hesabu ya bosi kila jioni, juu yake mke kachukua kausha damu, mkopo wa riba kali, bila kukwambia, na wewe umechukua nyingine bila kumwambia yeye. Zile programu za mikopo za kwenye simu zinatuma meseji kwa watu wote uliowahifadhi kwamba wewe ni tapeli. Mpaka kwa mkweo. Kijana anakaa kijiweni anacheka na wenzake, usiku halali.

Kwa hali hiyo ukija kunihubiria juu ya amani ya moyo nitakusikiliza kwa adabu tu. Imamu wa msikiti wa karibu na kijiwe chetu alifanya kitu kingine. Alikaa na kijana mmoja na daftari, wakaandika madeni yote. Akampigia mwenye pikipiki kuomba apunguziwe hesabu kwa muda. Akaenda naye kwa yule mkopeshaji mkubwa, akasimama kama shahidi, wakakubaliana kulipa kidogo kidogo. Deni halikufutwa. Lakini yule kijana alianza kulala.

---

Nesi_Mstaafu

Dereva, hicho alichofanya imamu wako ndicho wale bibi wa Harare wanachofundishwa: tatizo moja, hatua moja, kisha tunakutana tena. Hakukisoma mahali, kakifanya kwa utu wake.

---

Wakili_Kijana

Naomba nichangie kisheria kwa ufupi. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Familia nyingi zinajua hivyo au zimesikia, kwa hiyo mtu akinusurika wanamficha, wanadanganya hospitali, na yeye anakosa matibabu ambayo yangemkinga asirudie. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao kama hicho kinapingana na Katiba. Ghana walifuta kosa hilo mwaka 2023. Viongozi wa dini wana sauti kubwa katika mijadala ya namna hii. Wakisema kwamba huyu ni mgonjwa, bunge litasikia.

---

Mkweli_Mchungu

Wakili umenikumbusha. Viongozi hao hao ndio wanakataa kumzika aliyejiua. Mtaani kwetu kuna mama alizika mwanawe bila sala, watu wachache, haraka haraka. Mama huyo hakuinuka tena kuwa yule tuliyemjua. Mtueleze na hilo.

---

Kisukulu_Halisi

Mkweli, hili linaniuma na nitalijibu kwa ninachokijua.

Kwa Wakatoliki, zamani sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya kikanisa waliojiua kwa kukusudia. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, haiwataji tena katika orodha ya wanaonyimwa. Na Katekisimu, namba 2282 na 2283, inasema wazi kwamba matatizo makubwa ya akili, uchungu au hofu kubwa vinapunguza wajibu wa mtu, kwamba tusikate tamaa kuhusu wokovu wa waliojiua, na kwamba Kanisa linawaombea. Kwa hiyo mkristo akikuta jumuiya inasusia msiba wa namna hiyo, hiyo ni hofu ya watu. Kanisa halikufundisha hivyo.

Ustaadh Abuu Twalha, kwenu ikoje?

---

Abuu_Twalha_TMK

Kujiua ni dhambi kubwa kwetu, siwezi kulipunguza hilo. Imepokewa kwamba Mtume mwenyewe hakumswalia mtu aliyejiua. Lakini jamhuri ya wanachuoni, yaani walio wengi, wanasema maiti huyo ni Muislamu, ataoshwa, atakafiniwa, ataswaliwa na Waislamu na kuombewa. Wengine wanasema imamu mkubwa ajizuie kwa ajili ya kuwaonya watu, ila wengine wamswalie. Na aliyepoteza akili kalamu imeinuliwa juu yake, hahesabiwi mpaka akili imrudie. Nani kati yetu aliona ndani ya kichwa cha yule kijana saa ile? Waliobaki hai wanahitaji jirani na chakula, na wanahitaji mtu akae na mama. Mambo ya huko alikokwenda yana Mwenyewe.

---

Mchungaji_Kigamboni

Shalom. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nichangie upande ambao haujaguswa.

Na sisi tunachoka. Wiki moja mchungaji anazika mtoto, anasuluhisha ndoa mbili, analala hospitali na mzee wa kanisa, Jumapili anasimama kufungisha ndoa akitabasamu. Simu inaita saa nane usiku. Hana wa kumwambia, kwa sababu waumini wakijua mchungaji anatumia dawa za usingizi watasema hana upako. Mchungaji wa namna hiyo akiletewa mgonjwa wa sonona atamfokea. Anafokea kwa sababu ameishiwa. Ndoo ikishakauka hata ukiipiga haitoi maji.

Sisi wachungaji wachache wa huku tumeanza kukutana, na shehe mmoja jirani anahudhuria. Hatuna ajenda. Kila mtu anasema hali yake halisi, tunaombeana kila mtu kwa dini yake, tunakunywa chai. Mwanzoni tulikuwa tunasema "Bwana ni mwema" na kunyamaza. Ilichukua muda mpaka mmoja akasema mke wake amehama chumba.

Waumini, muulizeni kiongozi wenu analala saa ngapi. Mpeni likizo. Na kazi za kutembelea watu zigawanywe, mtu mmoja hawezi kurudi kwenye nyumba zote.

---

Mama_Ntilie_Buguruni

Nakazia kwa mchungaji. Wetu alizimika madhabahuni ndio tukajua.

---

Kisukulu_Halisi

Mchungaji, nimepokea, na umenisahihishia hoja: kurudi ni kazi ya kundi. Sisi tumeanza kupanga zamu. Nyumba iliyofiwa, iliyopata mtoto, iliyoporomokewa na biashara, inawekwa watu wawili wawili kwa zamu mpaka miezi mitatu. Kuna jirani yetu aliyekuwa na mtaji wake wote kwenye lile jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024. Mwezi wa kwanza kila mtu alimpigia. Baadaye ikabaki zamu tu.

Serikali nayo Januari 2024 ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Nashauri kila mwenyekiti wa mtaa amjue wa kwake, amtambulishe msikitini na kanisani kwa jina na sura. Kiongozi wa dini akiwa na namba ya mhudumu huyo na ya afisa ustawi wa jamii wa kata, hakwami akikutana na jambo kubwa kuliko uwezo wake.

---

Mtoto_wa_Tandika

Wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa leo leo. Kaka yangu ana wiki kadhaa hatoki chumbani, haogi, anaongea peke yake usiku, anasema majirani wanamsema kwenye redio. Mama anataka tumpeleke kwenye maombi ya siku saba ya kufunga. Baba anasema anajifanya. Mimi ni mdogo kwao wote. Nifanye nini?

---

Nesi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza.

Usibishane naye kuhusu redio, na usimwambie ni kweli. Mwambie "naona unaogopa, nipo na wewe." Muulize kama anakula, kama analala, na muulize wazi kama anawaza kujiua au kumuumiza mtu. Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema. Dawa zote za ndani na sumu za panya zifungiwe au ziondoke kabisa. Akisema ndiyo, au akiwa na ghadhabu, msisubiri kesho, mpelekeni dharura usiku huu huu, watu wazima wawili pamoja naye. Kama yupo mtulivu, kesho asubuhi Hospitali ya Rufaa ya Temeke, ipo karibu na nyinyi, mapokezi ulizieni kliniki ya afya ya akili. Kufunga siku saba bila kula kwa mtu asiyelala kunaweza kumzidishia.

---

Abuu_Twalha_TMK

Mdogo wangu, mama usimpinge, atakuona umeasi. Mtafute mtu anayemheshimu, mchungaji wake au mama wa kikundi chake cha maombi, mwambie yeye aongee naye: maombi yaendelee nyumbani kila jioni, hospitali asubuhi. Mama akisikia kutoka kwa kiongozi wake atakubali. Nipo Temeke, kama hamna wa kuwasindikiza niandikie sehemu ya ujumbe binafsi, nitakuja na mke wangu.

---

Mtoto_wa_Tandika

Nimeongea na mzee wa kanisa wa mama, anakuja saa kumi na mbili asubuhi kabla ya foleni. Kaka nimemuuliza kama Mama Nesi alivyosema, amesema hawazi kujiumiza, anaogopa tu. Amekula ugali kidogo. Tukienda tubebe nini?

---

Nesi_Mstaafu

Bebeni kadi ya bima kama anayo, na kitambulisho. Dawa zote anazotumia, za hospitali na za kienyeji, hata kama ni majani kwenye chupa, zije zilivyo. Andika kwenye karatasi: ilianza lini, analala saa ngapi, kama anavuta bangi au kunywa, kama kuna ndugu aliyewahi kuugua hivi. Aende mtu anayekaa naye, daktari atamuuliza mambo ambayo mzee wa kanisa hayajui. Na kabla hamjatoka kliniki ulizeni tarehe ya kurudi, mwandikie mzee wa kanisa naye aiweke kwenye simu yake.